"Dereva wa kujitegemea" kwenye lori la tajiri: acheni kutufanya wajinga, lipeni fidia

Wakuu, huu mchezo sasa umezidi. Lori la tajiri (mwenye gari), kadi ya gari ya tajiri, mafuta anajaza tajiri, na saa nane usiku anayepiga simu "mbona GPS inaonyesha umesimama Mikumi?" ni yeye yeye. Dereva akivunjika mguu mlima Kitonga anaambiwa hakuwa mwajiriwa, walikubaliana tripu tu. Kujitegemea kwa lipi?

Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 61, haijali mkataba umekubatiza jina gani. Kigezo kimoja tu kikiwepo unahesabiwa mwajiriwa mpaka tajiri athibitishe vinginevyo: anakuelekeza namna ya kazi, anakupangia saa, amekupa kitendea kazi, unamfanyia yeye peke yake, unamtegemea kimapato, au miezi mitatu iliyopita umefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi. Saa 45! Tripu moja ya Lubumbashi, Kongo, inazimaliza kabla hujavuka mpaka wa Tunduma. Mwenye kichwa na tela lake, anayebeba mzigo wa yeyote, huyo kweli anajitegemea na ajikatie bima yake.

Na wasiwazuge na bima ya gari. Ile ya mtu wa tatu ni ya uliyemgonga, siyo ya aliyeshika usukani. Ya dereva ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake ni wa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mshahara kwa sekta binafsi. Mshahara wa 400,000 ni 2,000 kwa mwezi. Yaani mtu anakimbia buku mbili!

Hata waliosajili madereva WCF wana ujanja wao. Kwenye karatasi mshahara 400,000, hela yenyewe inakuja kama posho ya safari. Ukilazwa, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24, kwa hiyo utaona 280,000 na posho imeyeyuka. Hili wengi wanaligundua wakiwa na POP (plasta ngumu) mguuni.

Ukipata ajali mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, hata WhatsApp, mapema. Yeye ana siku 7 za kuripoti WCF. Akikaa kimya nenda ofisi za WCF mwenyewe, ukikaa zaidi ya miezi 12 bila kudai umeumia mara mbili. Kama ni Zambia au Kongo, usirudi bila ripoti ya polisi na karatasi za hospitali ya huko. Kuzifuata baadaye Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ni gharama kuliko matibabu.

Makato ndiyo wizi wa mchana. Lita za mafuta zinapigiwa hesabu kwa kilomita tu, kama vile foleni ya Tunduma injini haiwashwi kila lori linaposogea hatua mbili na Kitonga inapandwa tupu. Zikipungua, dereva analipa. Faini ya mizani, dereva, wakati mzigo alipakia mwingine! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28: kukata kwa hasara lazima mwe mmekubaliana, kosa liwe lako, upewe maelezo ya maandishi na nafasi ya kupinga, na jumla isivuke robo ya mshahara.

Huna mkataba? Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamtupia mwajiri mzigo wa kuthibitisha masharti. Wewe weka picha za delivari (karatasi za kukabidhi mzigo) zenye jina lako, karatasi za mizani, mihuri ya pasipoti, meseji za posho za M-Pesa. Malipo yakigoma jaza fomu CMA F1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Ukiwa umefukuzwa ni siku 30 tu. Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, ndipo upeleke CMA. "Subiri bosi arudi Dubai" imewala wengi siku zao.

Na ile karatasi ya "sina madai" wanayoleta wodini pamoja na laki tano: usisaini. Hela ya hospitali pokea, andika mwenyewe pembeni kwamba ni ya matibabu, piga picha.

Matajiri mliomo humu jibuni hapa hapa, msije PM.