MREJESHO: Picha nyeusi na video kugoma kwenye kompyuta ya nyumbani

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita nililia hapa kwamba nikifungua filamu mtandaoni sauti inatoka lakini picha nyeusi tii, na siku nyingine video inagoma kabisa na kuleta ujumbe wa hitilafu.

Nilianza kwa kufuta kache na vidakuzi (data za tovuti ambazo kivinjari huzihifadhi), kama wengi mlivyoshauri. Haikusaidia kitu, zaidi ya kunitoa kwenye akaunti zangu zote, na nywila zenyewe nilishazisahau.

Wewe uliyesema nitazame saa ya kompyuta, ubarikiwe, nilikucheka kimoyomoyo. Kumbe pale konani imeandikwa Januari 2015! Vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyothibitisha kuwa tovuti ni halali, hukaguliwa kwa tarehe, ndiyo maana nilikuwa nakataliwa. Kila nikiirekebisha, nikizima mashine inarudi kulekule. Nikafungua kasha, nikabadilisha ile betri ya duara inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, aina ya CR2032, kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Tangu hapo ule ujumbe sijauona tena.

Picha nyeusi nayo iliondoka nilipozima uharakishaji wa maunzi (kivinjari kuiachia chipu ya picha kazi ya video) kwenye mipangilio ya kivinjari, nikakifunga na kukifungua upya. Feni sasa inavuma zaidi maana mzigo wote umeangukia prosesa, ila bora hivyo.

Kilichoshindikana ni skrini yangu kubwa ya zamani. Ni ya VGA, ule mlango wa zamani wa kuunganishia skrini, haina HDCP (ulinzi wa kuzuia kunakili filamu), kwa hiyo filamu zenye ulinzi bado zinaikataa, na adapta niliyonunua haikufua dafu. Hiyo nimenyoosha mikono hadi nipate skrini ya HDMI, mlango wa kisasa zaidi. Asanteni sana.