Picha ya Rufiji 1915 au ya Illustrious 1942: ninunue ipi?

Mpiga_Makasia
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimepewa hadi Ijumaa niamue kati ya picha mbili, maana fedha yangu inatosha moja tu. Ya kwanza ni kadi ya picha ya ndege ya Short yenye maboya ikivutwa ufukweni, na muuzaji anasema ndiyo iliyoongoza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Ya pili ni picha ya magazeti ya ndege za Swordfish zilizokunja mabawa juu ya sitaha ya HMS Illustrious, meli ya Uingereza ya kubeba ndege, mwaka 1942. Mngechukua ipi?

Stoo_ya_Baba
Ndugu, hukutaja bei, vipimo, wala kilichoko mgongoni mwa picha, na mgongo ndio shahidi wetu. Picha ya magazeti ya wakati ule kwa kawaida ina mhuri na maelezo yaliyopigwa taipu. Tuonyeshe pande zote mbili.

Kapteni_Mstaafu
Hata kabla ya mgongo, maelezo ya muuzaji yana kasoro. Ndege za Short zilitoka Bombay, na mwezi Aprili 1915 ndizo zilizoipiga picha Königsberg ikiwa mafichoni. Lakini tarehe 11 Julai waliokuwa angani wakisahihisha shabaha ya meli za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, walikuwa wanaanga Cull na Arnold, ndani ya Henri Farman ya magurudumu iliyoruka kutoka kisiwani Mafia. Injini yao ilipigwa, wakatua mtoni, ndege ikapinduka, wakaokolewa na watu wa Mersey.

Bi_Kilindini
Ikiwa na magurudumu, basi si ndege ya jeshi la majini.

Kapteni_Mstaafu
Dada yangu, ilikuwa mali ya kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Kwa kipimo chako hata Swordfish za Illustrious tungezitoa, maana nazo zilitua sitahani kwa magurudumu.

Bi_Kilindini
Haya, nimekubali nusu. Ila mimi ningechukua ya Illustrious, kwa sababu kadi zimeniliza. Miaka michache iliyopita nilinunua albamu ya kadi 12 za ndege za maboya kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya duka. Zilikuwa na rangi ya chai, kona zimekunjika, na moja ilikuwa na mkwaruzo mrefu uliopita juu ya bawa. Jioni nilipoupitishia kidole mkwaruzo ule, karatasi ilikuwa laini tupu: mkwaruzo wenyewe ulikuwa umepigwa picha! Nikachukua tochi ninayokagulia noti bandia dukani, nikazima taa, na kingo za kadi zote zikawaka kama shati la shule lililotiwa bluu. Karatasi za namna hiyo, zenye dawa ya kung'arisha weupe, zilianza kutumika miaka ya 1950. Muuzaji hakupokea simu yangu tena.

Stoo_ya_Baba
Pole sana. Niongeze tu kwamba isipowaka bado si hakika, kwa kuwa zipo karatasi za kisasa zisizo na dawa hiyo. Iinamishe picha dirishani. Ya zamani mara nyingi hutoa mng'ao wa fedha penye weusi.

Fundi_Stodio
Mimi nisingenunua yoyote. Agiza nakala kutoka Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, uikuze, uhesabu hata nyaya za mabawa.

Stoo_ya_Baba
Nakala haijawahi kushikwa na baharia aliyekuwapo.

Mpiga_Makasia
Samahani kwa kuchelewa. Kadi ina sentimita 9 kwa 14, na mgongoni pameandikwa kwa penseli "Niororo, Feb. 1915".

Kapteni_Mstaafu
Februari! Basi huenda hata si Short. Waliokuwa kisiwani Niororo mwezi huo walikuwa na ndege za Sopwith, zile zilizoshindwa na joto letu hata zikakataa kupaa na mtu wa pili. Soma namba ubavuni: 920 na 921 ni Sopwith, 119, 121 na 122 ni Short.

Fundi_Stodio
Na ndege ya Curtiss iliyozitangulia mwaka 1914 ilifungwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa. Picha ya rejeta hiyo ningeinunua bila kuuliza bei.

Mpiga_Makasia
Namba imezibwa na mtu aliyeshika kamba. Inaonekana 2 peke yake.

Kapteni_Mstaafu
Iko katikati au mwishoni? Ikiwa mwishoni ni 122. Ikiwa katikati, bado tuko pale pale.