Korosho ghafi ipigwe marufuku kupelekwa nje ya nchi? Mi nasema hapana, na mniite kibaraka

Wakuu wa Kusini salaam. Juzi nilikuwa kijiweni kwenye kahawa hapa Masasi mjadala ukawaka, mzee mmoja anasema umaskini wetu wote unaanzia bandarini Mtwara, meli inabeba korosho na maganda yake inapeleka Vietnam na India, wenzetu wanabangua wanatajirika sisi tunabaki na madeni ya pikipiki, kwahiyo dawa ni moja tu, serikali ifunge, isitoke hata gunia moja ghafi. Kijiwe kizima kikaitikia. Nikabisha peke yangu nikaitwa kibaraka wa wanunuzi, nikaona bora nije nibishie huku ambako hakuna mtu wa kunikata maneno.

Nusu ya maneno ya yule mzee ni kweli tupu. Sehemu kubwa sana ya korosho yetu inatoka ghafi. Na hao Vietnam sio matajiri wa siku nyingi, vita vyao vimeisha 1975, uchumi wameanza kuufungua 1986, mwanzoni mwa miaka ya tisini walikuwa hoi kama sisi tu, leo pato lao kwa kichwa ni zaidi ya mara 3 ya letu, na 2006 wakaipita India kwa kuuza nje korosho iliyobanguliwa, wakati mashamba yao wenyewe hayatoshi, wanategemea mzigo wa Afrika na wa jirani zao Cambodia. Inauma, sikatai.

Ila ukifunga, nani anaumia kwanza? Mnada wa kwanza Oktoba 2024 kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Haikuvuka kwa huruma ya mtu, wanunuzi walikuwa wanagombania, maana sisi tunavuna kuanzia Oktoba na India na Afrika Magharibi mpaka Februari huko ndo wanaanza. Sasa mfukuze mnunuzi wa nje uone, wanabaki wenye viwanda wachache ambao wanajua fika huna pa kupeleka mzigo wako, watakupa bei ya kutupwa na utaishika, kangomba, wale walanguzi wa mitaani, watarudi na vipimo vyao vya bakuli, na usiku korosho zitavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji.

Alafu kuna huu ushuru wa kusafirisha ghafi, 15% ya bei ya melini au dola 160 kwa tani, inayozidi ndo inachukuliwa. Watu wanadhani analipa Mhindi. Analipa mzee wako wa Nanyamba! Mnunuzi anaupigia hesabu kabla hajaandika bei yake ya mnada. Tuseme bei ya melini ni dola 1,500 kwa tani, hapo ushuru ni dola 225, yaani kwenye kila kilo imeondoka zaidi ya shilingi 500 kabla haijafika ghalani. Zamani 65% ya ushuru ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, 2018 sheria ikabadilishwa hela yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa Kusini walivyopiga kelele bungeni si mnakumbuka. Novemba ya mwaka huohuo ndo ikaja ile ya serikali kutuma jeshi kusomba korosho kwa bei ya 3,300 kwa kilo. Bei tamu, ila wengi walisubiri malipo miezi na miezi na mzigo ukalala maghalani.

Na viwanda sio kitu kigeni kwetu jamani. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Vikajengwa viwanda 12 kwa mikopo ya nje, mashine za Italia na Japani. Lakini wakati vinajengwa watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho imebaki mbali imemezwa na pori, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, bei ya mkulima nayo haieleweki, kufika 1986/87 mavuno ni tani kama 16,500. Mashine zipo, korosho hakuna. Vingine vikaishia kuwa maghala. Yaani hesabu ya kila kitu ilipigwa isipokuwa ya yule anayepalilia.

Naomba kuwasilisha. Njooni na hoja.

Dada wa Ruangwa: Mleta mada unaongea kama mwenye shamba, na sisi tusio na shamba je? Mi nimebangua kiwandani miaka miwili, sikitaji. Mafuta ya ganda yamenibabua vidole mpaka leo alama zipo na hela yenyewe ilikuwa kiduchu, sikudanganyi, ila ilikuwa inaingia. Njoo mwezi wa nne uulize mkulima wako wa 4,000 kama ana hata ya chumvi, hela ilishaisha kwenye harusi na bati. Ajira ya kubangua wengi ni wanawake, mnada hela anapokea baba. Hilo hukuliandika.

Ng'ambo ya Ruvuma: Mkuu hoja yako ilishajaribiwa hapo ng'ambo tu. Msumbiji miaka ya tisini Benki ya Dunia iliwaambia punguzeni ushuru wa ghafi, acheni soko, mkulima atafaidi. Viwanda vikafungwa, maelfu wakarudi nyumbani. Na mkulima? Watafiti walipopiga hesabu wakakuta kaya ya wastani imeongeza kama dola 5 kwa MWAKA. Dola 5! Baadaye wakaupandisha tena ushuru kufika 18% na kuendelea, na viwanda vidogo vikaanza kufufuka kule Nampula. Karibu nchi kubwa zote zililinda viwanda vyao zikiwa changa, leo ndo zinatufundisha soko huria.

Mleta mada: Dada wa Ruangwa umenipiga pazuri, la baba kupokea hela sina jibu lake kwa kweli.

Wa ng'ambo, hiyo dola 5 naijua na ndo inanipa nguvu. Mkulima wa Msumbiji hakuwa na mnada, alikuwa anauza kwa mchuuzi mlangoni, faida yote ikaishia njiani. Sisi tuna stakabadhi ghalani toka 2007, mkulima anapeleka mzigo ghalani anapewa risiti na unauzwa kwa mnada, pamoja na makato yake yote yanayokera bei inasomwa hadharani. Kwahiyo usinilinganishe hivyo. Na mi sijasema ushuru ufutwe wala tusilinde viwanda, nauliza kwanini ulinzi alipie maskini wa mwisho.

Kinachoua kiwanda chetu sio Mhindi kununua ghafi. Mwenye kiwanda anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa hela taslimu, mkopo wa benki zetu riba kubwa, anakaa mnadani na mtu aliyekuja na dola za riba nafuu. Atashindana vipi? Vietnam walipata mikopo, na mashine wakajifunza kutengeneza wenyewe huko huko.

Kijana wa Mikindani: Na bado kilo 4 mpaka 5 za ghafi ndo zinatoa kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, alafu hela nene iko kwa anayekaanga na kufungasha kule Ulaya na Marekani, hata huyo Mvietnamu tunayemuonea wivu anapata kidogo. Mnagombania ganda.

Dada wa Ruangwa: Ganda lenyewe sina, ndo maana nagombania.

Mleta mada: Basi mi pendekezo langu hili hapa, lipondeni. Ushuru ubaki ila sehemu kubwa isiende popote zaidi ya mfuko wa mikopo ya riba ndogo ya kununulia mzigo, kiwanda kikope humo lakini kinunue kwa bei ya mnada kama wengine, kisipewe bei ya upendeleo. Na kwakuwa hela ni ya mkulima, AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, ziwe na hisa humo. Mwenye kiwanda atakayesema haiwezekani aje na vitabu vyake vya mahesabu tuvione.

Dada wa Ruangwa: Hisa za AMCOS ziandikwe na majina ya wake zao, hapo nakuunga mkono.