Bi Kidude na wazee wenzake: kuwapandisha jukwaani uzeeni ni heshima au ni kuwanyonya?

Wadau naomba tulijadili hili kwa hoja, matusi wekeni pembeni. Kila ikizunguka klipu ya marehemu Bi Kidude watu wanagawanyika, kuna wanaosema bibi wa watu walimnyonya, umri ule ilikuwa apumzike ndani aswali, na kuna wanaosema acheni wivu, lejendi aliimba mpaka mwisho. Mimi naona kelele zote ni za jukwaa na hakuna anayeuliza kwa nini jukwaa ndo ilikuwa riziki peke yake.

Kwa wadogo zangu msiomjua, Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab na unyago wa Unguja, aliyepita njia ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa kabla yake. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote, ikasemwa tu kavuka 100, na umri wenyewe ukageuka tangazo, mabango ya nje yanaanza na uzee wake ndo yaje kwenye sauti. 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonesho makubwa ya muziki wa dunia, Uingereza. Amefariki Aprili 17, 2013 na Rais Kikwete alikuwepo mazikoni.

Sasa wale wa "angekatazwa". Yule bibi alikuwa anavuta sigara yake hadharani Zanzibar ile ile mnayoijua, nani wa kumkataza? Alipokamata ngoma ya msondo akaifunga kiunoni hukuona mgonjwa pale. Na kabla ya wazungu na tamasha, yeye alikuwa somo, anafunda wanawali, kazi ambayo ukizidi uzee ndo unazidi kuheshimiwa. Kumwambia mtu wa hivyo akae ndani eti kwa kumhurumia, mi naona na hiyo ni dharau, ila ya upole.

Lakini upande wa pili nao wasishangilie mapema. 2012 mambo yalitoka nje, upande wa ndugu wakasema bibi anaumwa, kastaafu, wengine wakasema kafichwa, magazeti yakajaa, na kila upande unasema unamtetea yeye. Simhukumu mtu, familia za watu zina mambo yake. Ila jiulize, mzee ambaye watu kadhaa wanakula kupitia shoo zake akisema "nataka kuimba", utajuaje ni moyo wake au ni sufuria?

Na hapa ndo penyewe. Mwanamuziki wa asili hana mirabaha ya maana. Nyimbo kama Muhogo wa Jang'ombe ni za zamani, zimepita midomo mingi, na sheria ya hakimiliki inamtazama kwanza mtunzi, kwa hiyo aliyeubeba wimbo miaka na miaka anaambulia haki za mwimbaji tu, na hizo nazo kazifuatilie uone. Ongeza kwamba hakimiliki si jambo la Muungano, bara kuna COSOTA na Zanzibar kuna COSOZA, bibi asiye na karatasi hata ya kuzaliwa ataanzia ofisi ipi? Kwa hiyo asipopanda jukwaani halipwi, imeisha hiyo.

Msidhani ni Zanzibar tu. Mzee Gurumo wa muziki wa dansi kaimba kuanzia enzi za bendi ya NUTA, Mlimani Park, Msondo, miaka kama 50, alipotangaza kustaafu 2013 nchi nzima ikashangaa hana hata usafiri, mpaka msanii Diamond akampa gari. Ilikuwa roho nzuri ya kijana, sikatai, ila hiyo ni zawadi, mtu kama yule alitakiwa awe na chake. Mwaka uliofuata akafariki. Mombasa Juma Bhalo aliachia taarab mwenyewe 2007 akiwa bado watu wanamtaka, ndo maana nasema kustaafu kunawezekana, ila kuwe uamuzi wa mwenye sauti.

Zanzibar angalau walianza pensheni jamii 2016, kila aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Bi Kidude ilimkuta kashatangulia miaka mitatu. Na hata angekuwepo, 20,000 haikuwa ya kumfanya mtu akatae safari ya Ulaya jamani.

Msimamo wangu: mzee anayetaka kupanda apande, ila mkataba uandikwe kwa jina lake, asomewe kwa Kiswahili, hela aishike mkononi kwake kabla ya shoo, na nyimbo ziwe mbili tatu, msimkeshe mtu wa miaka 80 saa saba usiku kisa tiketi zimeuzwa. Promota asiyeweza hayo aite DJ.

Haya, wa "walimnyonya" na wa "lejendi" karibuni. Na kama kuna mtu wa COSOZA anapita humu atuambie, mwimbaji wa unyago akienda kujisajili leo, anaandika nani kwenye nafasi ya mtunzi?