Bwawa la nyuma ya nyumba: kubadilisha maji, chujio au mimea?

Kasia: Wakuu, nina bwawa la perege, lita 2,000 hivi. Maji yamekuwa ya kijani na yananuka. Niingie wapi: kubadilisha maji, pampu yenye chujio, au mimea ya majini? Vyote kwa pamoja siviwezi.

Fundi Pampu: Chujio, mkuu. Kinachoua ni amonia, na hiyo huioni. Samaki wanaitoa kupitia matamvua, nyingine inatoka kwenye chakula kinachooza chini. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Ila hao bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Na sifongo ya ndani ya chujio ioshe kwa maji ya bwawa lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua, uanze upya.

Bi Mkoko: Umeme ukikatika usiku je, Fundi? Mimi niko upande wa mimea. Inakula nitrati na kuunyima jua mwani, ule unaofanya maji yawe ya kijani. Isizidi nusu ya uso wa maji lakini, maana usiku nayo inavuta oksijeni. Kasia, chungulia alfajiri, oksijeni ikiwa chini kabisa. Samaki wakiwa juu wanahema, hali ni mbaya.

Babu Kambale: Wangu wanapanda juu kila siku na ni wazima 😂 Kambale anavuta hewa ya juu, perege hana uwezo huo.

Tope: Mbona kubadilisha maji kunadharauliwa? Ndiyo njia pekee inayofanya kazi leo hii. Toa asilimia 10 hadi 20 kwa wiki, uvute kutoka chini penye tope. Usimwage yote, utawashtua. Maji ya bomba yaache wazi saa 24 klorini itoke. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hiyo haitoki hivyo, tafuta dawa ya kuiondoa.

Kasia: Wapo 60, ukubwa wa kiganja. Nawalisha mara tatu.

Fundi Pampu: Ahaa! 60 bila pampu ni wengi mno. Na maji ya kijani hupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) mchana. pH ikipanda na joto likiwepo, amonia ile ile inakuwa kali zaidi.

Bi Mkoko: Hapo hata mimea haitakuokoa, nakubali. Wape wanachomaliza ndani ya dakika 5, kinachobaki kitoe.

Tope: Anza na maji leo, wakubwa wavue. Chujio litafuata.