Mjadala: Je, vibanzi vya mwaloni vyaweza kuchukua nafasi ya pipa?

Mleta Mada:
Wadau, naomba tulijadili jambo ambalo limekuwa likinitatiza. Mtu anayekeneka pombe ya nafaka nyumbani, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, hupata kinywaji kisicho na rangi, kikali, chenye harufu ya uji uliochacha, na kwa kweli hakiko mbali sana na kile kinachotoka kwenye mitambo ya viwanda vya wiski kabla hakijatiwa pipani. Mwenye kiwanda hukiweka kwenye pipa la mwaloni akangoja miaka. Huyu wa nyumbani hutumbukiza vibanzi vya mwaloni vilivyobabuliwa motoni ndani ya mtungi wa kioo, na baada ya majuma machache ana kitu cha kahawia kinachonukia vanila. Je, ametengeneza wiski, au mwigo wa wiski? Suala la leseni tuliweke kando, kwa kuwa nchi nyingi zinakataza kukeneka hata kwa matumizi ya nyumbani, na New Zealand, iliyoruhusu mwaka 1996, ni miongoni mwa chache. Nauliza kuhusu kinywaji chenyewe.

Mvumilivu:
Ametengeneza chai ya mbao. Sheria ya wiski ya Uskoti iko wazi: pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, miaka isiyopungua 3, na kilevi kisichopungua asilimia 40. Anayeridhika na vibanzi ana ulimi ambao haujawahi kukutana na wiski, na bila shaka angeridhika vilevile na maji yaliyotiwa rangi.

Fundi Mtungi:
Suala la ulimi wangu nakuachia, ndugu Mvumilivu, lakini la rangi siwezi kuliacha lipite. Hiyo sheria ya Uskoti unayoishika kama msahafu inaruhusu karameli, yaani sukari iliyounguzwa, kutiwa kwenye wiski ili iwe na rangi inayotakiwa, na chupa ngapi za bei mbaya zimepakwa wanja namna hiyo ilhali mnywaji anaamini kwamba weusi ule ni umri? Mimi natia mbao, kitu ambacho hata pipa limetengenezwa nacho. Kati yetu, nani mwenye maji yaliyotiwa rangi?

Mvumilivu:
Karameli hutiwa kidogo sana, ili chupa za mwaka huu zifanane na za mwaka uliopita, na haibadilishi ladha.

Fundi Mtungi:
Kama haibadilishi ladha, basi kazi yake ni kudanganya macho, na umelisema wewe mwenyewe. Wamarekani hawaruhusu kutia rangi yoyote kwenye bourbon, wiski yao ya mahindi. Hudhurungi yote sharti itoke kwenye mwaloni mpya uliobabuliwa. Tena bourbon ya kawaida haina hata kima cha chini cha miaka, isipokuwa ile wanayoiita «straight», ambayo hudai miaka 2. Hapo uzee wa lazima uko wapi?

Mhifadhi:
Naomba niingilie kati, maana miaka 3 inazungumzwa hapa kana kwamba ni wosia wa mababu. Uingereza iliweka kima cha chini mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilipokuwa ikihangaika na ulevi. Kilianza kwa miaka 2, kikapandishwa hadi 3 mwaka uliofuata. Huko Marekani sheria ya mwaka 1897 ya wiski inayohifadhiwa chini ya ulinzi wa serikali kwa miaka isiyopungua 4 ilitungwa kwa sababu wachanganyaji walikuwa wakichukua pombe tupu, wakaitia rangi na vikolezo, kisha wakaiuza kama wiski kongwe. Kwa hiyo ugomvi huu ulikuwapo kabla ya mitungi ya ndugu Fundi, na aliyeumia siku zote ni mnunuzi ambaye hakuambiwa.

Binti Maabara:
Karameli imetupeleka mbali, ilhali swali lilihusu mbao. Moto unapobabua mwaloni, lignini inayoushikamanisha mti huvunjika na kutoa vanilini, yaani harufu ya vanila, hemiselulosi ya kuta za chembe zake hugeuka sukari zilizoungua, na tanini kali, zile zenye ukakasi, hupungua. Hayo yote yamo kwenye kibanzi kama yalivyo kwenye ubao wa pipa. Tena kibanzi huyatoa upesi zaidi, kwa sababu kimekatwa pande zote na mishipa yake ya mti iko wazi. Tazameni mtungini: viputo vidogo hupanda kutoka kwenye ncha zilizokatwa, rangi huanza kuteremka nyuzinyuzi kuelekea chini, na kabla vibanzi vyenyewe havijazama pombe tayari imeshakuwa ya kahawia. Wengi hapo ndipo wanaposhangilia. Wakionja, wanakuta harufu ya mbao iliyopigwa randa sasa hivi, uchungu unaokwangua pembe za ulimi, na chini yake ule uji uliochacha upo palepale.

Kibanzi hakiwezi kuleta kile ambacho pipa hukifanya polepole. Pipa hupitisha hewa, pombe huingia na kutoka kwenye ubao joto linapopanda na kushuka, asidi na kilevi huungana na kuzaa harufu za matunda, na tabaka la makaa ndani hunasa harufu za salfa. Uskoti hupotea takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukizwa, na hilo, wanaloliita fungu la malaika, ni sehemu ya kazi. Mtungi uliofungwa kwa kizibo una hewa kidogo mno.

Nitaongeza la muhimu kuliko yote. Rangi nzuri haimwambii mtu chochote kuhusu usalama. Mbao haiondoi methanoli, kilevi chenye sumu, na mbao yenyewe ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia mchwa, au ikiwa ni ya mti wenye utomvu, haifai kabisa kuloweshwa kwenye kilevi.

Fundi Mtungi:
Kwa hiyo sasa nawanywesha watu sumu? Naomba uniheshimu, dada. Nafaka haina pektini ya matunda, ambayo ndiyo huzaa methanoli, na methanoli yake ni kidogo sana.

Binti Maabara:
Sijakutaja, kaka. Nafaka hutoa kidogo, kweli, na misiba mikubwa ya upofu na vifo hutokana na watu wanaochanganya methanoli ya viwandani ili kuongeza ujazo. Lakini anayepewa glasi hajui mikono iliyoipitia, na vibanzi humfanya asiulize.

Msema Kweli:
Basi jambo limeshahama kutoka ladha hadi uwazi, na nadhani huko ndiko lilikostahili kuwa. Wafaransa wanaotengeneza konyaki, pombe kali ya zabibu, wana dawa yao ya zamani, maji yaliyochemshwa na vipande vya mwaloni, nayo inaruhusiwa. Kwa wiski, kanuni za Marekani hazimkatazi mtu vibanzi. Zinamtaka aandike kwenye lebo kwamba kinywaji kimetiwa rangi na ladha kwa vibanzi vya mbao. Uskoti walikuwa wakali zaidi: kampuni ya Compass Box ilipotoa Spice Tree mwaka 2005, ikiwa na mbao mpya za mwaloni zilizowekwa ndani ya pipa halali, chama cha watengenezaji kilipinga hadi ikaondolewa sokoni. Ilirudi mwaka 2009 baada ya mwaloni huo kuhamishiwa kwenye vifuniko vya pipa. Kinywaji kilikuwa na umri wake wote, mwaloni ulikuwa mwaloni, na bado palikuwa na ugomvi.

Mvumilivu:
Mfano huo unanisaidia mimi. Kama mbao ndani ya pipa ilikataliwa, mbao ndani ya mtungi itapita wapi?

Fundi Mtungi:
Unasaidia upande wangu, maana mwaloni kwenye ubavu ulikuwa kosa na mwaloni kwenye kifuniko ukawa halali. Mwenye akili na anielezee tofauti ya ladha hapo, si tofauti ya mahali ulipowekwa. Ama kuhusu kuandika, nitaandika «vibanzi» kwenye chupa zangu siku wenye karameli watakapoandika «rangi» kwenye zao.

Msema Kweli:
Ujerumani wanaandika tayari. Chupa ileile ya Uskoti ikiuzwa huko hubeba tamko kwamba imetiwa rangi.

Mvumilivu:
Basi, Fundi, kalamu unayo?