Mock ya Civics leo: Bunge lina sehemu mbili, nyie mlijibu zipi?

Binti Mbagala
Habari zenu jamani. Wale wa form four mliofanya mock ya Civics leo asubuhi naombeni mnisaidie, maana toka nimetoka kwenye chumba cha mtihani sijala, roho haijatulia kabisa. Lile swali la kuchagua lililouliza Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, ni zipi? Mi mwanzo niliweka A, Rais na Wabunge, alafu nikakaa nikawaza, mbona Rais ni serikali, bungeni anaingiaje wakati tumefundishwa mihimili mitatu kila mmoja na kazi yake? Nikaikata A na peni nikaandika C pembeni, wabunge wa majimbo na viti maalum, na vile mkono ulikuwa unatoka jasho wino ukapakaa mpaka hiyo herufi yenyewe haieleweki kama ni C au G.

Pia lile la kuchagua lipi ni jambo la Muungano, yaani linalosimamiwa kwa pamoja Bara na Zanzibar, mlichagua nini? Mi nimeweka afya. Na esei ya mswada mpaka unakuwa sheria, Rais akikataa kusaini mliandika inakuaje? Nimeandika unakufa hapohapo. Nataka sana kwenda kusoma sheria huko mbele ndo maana hii pepa inaniuma kuliko hata hesabu.

Kiboko ya Pepa
Ni C hiyo tulia. Pamfleti langu limeandika kabisa aina za wabunge, wa majimbo, viti maalum na wa kuteuliwa, Rais hayumo. Darasa letu karibu wote tumeweka C. Kwenye Muungano mi niliweka Baraza la Mitihani ila kwa kubahatisha tu, nililiona lina neno taifa nikasema twende.

Ticha wa Jioni
Wanangu poleni na pepa. Nafundisha Civics tuisheni za jioni na hili swali kila mwaka linaondoka na watu wengi, tena wale wanaosoma kweli. Jibu ni A. Fungueni Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 62, imesema wazi kutakuwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano ambalo litakuwa na sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Kiboko, ulichotaja wewe ni aina za wabunge, hiyo iko ibara ya 66, na humo wapo pia watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sehemu za Bunge ni kitu kingine.

Sasa Binti, umeuliza Rais anaingiaje, na hilo ndo swali lenyewe, usilionee aibu. Rais haendi kukaa kule Dodoma akapiga kura na wabunge, lakini mswada ukishapitishwa hauwi sheria mpaka yeye aukubali, kwa hiyo kazi ya kutunga sheria haikamiliki bila yeye. Hapo ndo esei yako inapoungana na lile swali la kuchagua. Rais akikataa mswada haufi. Anaurudisha bungeni na sababu za kukataa, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kuisha, isipokuwa wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote wauunge mkono kabla haujarudi. Ukirudi hivyo basi anatakiwa aukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Ibara ya 97. Isome taratibu maana waliopanga pamfleti wameifupisha mpaka imebaki mstari mmoja, Rais anasaini, basi, na mtoto akikariri huo mstari hawezi kujua kwa nini Rais ni sehemu ya Bunge.

Mpemba Halisi
Miye nimemaliza zamani ila hili la Muungano nalijibu mimi. Afya siyo, Zanzibar tuna wizara yetu wenyewe ya afya. Mwaka 1964 yalikuwa mambo 11 leo yamefika 22, yako kwenye Nyongeza ya Kwanza mwisho wa Katiba, na Baraza la Mitihani la Taifa limo. Ndo maana mtoto wa Chake Chake na wa Mbagala mnafanya pepa moja ya form four siku moja. Elimu ya juu imo pia, elimu ya msingi haimo. Watu wanaipita hiyo orodha na hapo ndo yanapotoka maswali.

Form Four B
Shikamoo ticha. Na lile la Rais akifariki, mi nimeandika uchaguzi unaitishwa ndani ya siku 90, nimekosa?

Ticha wa Jioni
Marahaba. Umekosa hapo. Makamu wa Rais anaapishwa anamalizia muda uliobaki, ibara ya 37, na mmeiona kwa macho yenu, Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, tarehe 19 Mama Samia akaapishwa, na tarehe 30 Bunge likamthibitisha Dkt. Mpango kuwa Makamu. Tena ukiongeza kwamba aliyemalizia miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu, msahihishaji anakuwa na amani na wewe.

Kiboko ya Pepa
Nimeisoma ibara ya 62 sasa hivi, ni kweli ticha, nisameheni niliwaambia watu C na wengine wamefurahi bure. Nawatumia ujumbe darasa zima.

Binti Mbagala
Asante sana ticha, na wewe kaka wa Pemba. Kwa hiyo nimekosa mawili ya kuchagua, na esei kile kipande cha Rais kimeondoka, ingawa hatua za kusomwa mara ya kwanza mpaka ya tatu na kamati niliandika zote. Nimeazima Katiba kwa baba mdogo, ni ya zamani jalada limetoka ila ibara ya 97 ipo, naisoma usiku huu. Ticha, kesho jioni naweza kuja na maswali ya mahakama?

Ticha wa Jioni
Njoo saa kumi na moja. Hiyo yako ni ya zamani, kuna vipengele vilishabadilishwa, nitakuja na yangu tulinganishe.